Sanduku la Besi Lipandapo Ngorongoro

Dereva atokaye Karatu mjini, mahali palipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupita lango la Lodoare na kupanda msituni mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, penye mita 2,300 hivi. Njiani masikio yake huziba, kisha huzibuka ghafla. Ikiwa garini mna spika kubwa ya besi, nayo imekutana na badiliko lile lile la hewa. Hapo swali la kila siku la mafundi, kwamba sanduku la spika lifungwe kabisa au litiwe bomba, huwa swali la fizikia.

Kwanza, sanduku ni la nini? Koni ya spika isukumapo hewa kwa mbele, huivuta kwa nyuma wakati huo huo. Besi ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 8.6 hivi. Spika iliyo wazi ni ndogo mno mbele ya wimbi hilo. Hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo wake na kujaza pengo la nyuma, na sauti hufa pale pale. Sanduku huzitenga pande hizo mbili.

Katika sanduku lililofungwa, hewa iliyomo hufanya kazi ya springi. Mmarekani Edgar Villchur alilitumia wazo hilo mwaka 1954, akapata besi nzuri kutoka sanduku dogo. Mwanafunzi aweza kulipima kwa hesabu. Tuseme spika ikiwa wazi hutetemeka kwa wepesi mara 30 kwa sekunde, na kwamba ugumu wa kishikizo chake ni sawa na ule wa lita 60 za hewa ya pwani. Ikitiwa katika sanduku la lita 30, springi ya hewa huwa ngumu mara mbili ya kishikizo. Jumla ni mara tatu. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.73, basi mitetemo hupanda hadi 52. Lakini ukingoni Ngorongoro kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam. Springi hulegea, jumla hushuka hadi 2.5, na mitetemo huwa 47 hivi. Spika haikubadilishwa, wala sanduku.

Sanduku lenye bomba hufuata kanuni nyingine, ile ya chupa tupu ipulizwayo mdomoni. Hewa ya ndani ni springi, na hewa iliyo katika bomba ni uzito unaochezeshwa. Mlimani springi hulegea, ila uzito nao hupungua kwa kiasi kile kile; kwa hiyo mlio wa bomba haubadiliki kwa sababu ya kimo. Hubadilika kwa baridi: hewa ikipoa kutoka nyuzi 30 za Selsiasi hadi 10, mitetemo 40 hushuka mpaka karibu 39. Tofauti hiyo hakuna sikio litakaloilalamikia.

Sanduku la bomba hutoa besi kubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya umeme, nalo hupendwa kwa sababu hiyo. Lakini chini ya mlio wa bomba, hewa huingia na kutoka bila kizuizi, na koni hukosa springi ya kuirudisha. Mwenye gari akizidisha sauti hapo, koili huweza kugonga chuma au kuchanika, na fedha ya spika imekwenda. Tena bomba ni mlango wa vumbi, na lami huishia langoni. Aidha sanduku hilo huhitaji nafasi kubwa, ilhali nyuma ya gari la safari mna mizigo ya wageni.

Gari lenyewe pia husaidia. Chumba chenye urefu wa mita 2.8, madirisha yakiwa yamefungwa, huongeza sauti zilizo chini ya mitetemo 60 hivi, na ongezeko hilo hufidia vizuri upungufu wa sanduku lililofungwa. Paa la gari la utalii likiinuliwa, faida hiyo hupotea. Kwa barabara hii, sanduku lililofungwa la plaiwudi nene, lililokazwa kwa bolti, ndilo chaguo la busara.

Hata hivyo lisizibwe kupita kiasi. Kati ya Karatu na ukingoni, kanieneo hupungua kwa paskali 8,000 hivi. Koni ya spika ya sentimita 30 ina eneo la mita ya mraba 0.05 hivi. Kama hewa ya Karatu ingebaki yote ndani, ingeisukuma koni nje kwa kani ya nyutoni 400, sawa na uzito wa kilo 40. Upenyo mwembamba kama sindano watosha: huitoa hewa taratibu wakati wa kupanda, lakini ni mdogo mno kwa mitetemo 40 ya sekunde moja kupitia.

Huko juu, lakini, swichi izimwe. Mwaka 1984 mtafiti Katharine Payne aligundua kwamba tembo hutoa sauti nzito zisizosikika kwa binadamu, nyingine chini ya mitetemo 20 kwa sekunde. Sauti za namna hiyo husafiri kilomita kadhaa, na msitu hauzizuii sana. Besi ya gari ni jirani yake wa karibu.