Kawia ufike: mbio za Rose wa Kakuma

Ukitoka Lodwar kuelekea Lokichogio, wapita Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Rose Nathike Lokonyen alifika hapo mwaka 2002, mtoto aliyekimbia vita kusini mwa Sudan.

Wanariadha wengi huanza mazoezi wakiwa wadogo. Rose alikuwa msichana mkubwa mwalimu alipomhimiza aingie mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi yoyote, lakini akatoka wa pili.

Mwaka 2015 wakfu wa Tegla Loroupe ukaandaa majaribio Kakuma, baadhi ya vijana wakikimbia pekupeku. Rose akachaguliwa, akapelekwa kufanya mazoezi Ngong. Agosti 5, 2016, mjini Rio de Janeiro, ndiye aliyebeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Timu ilikuwa na wanamichezo 10, na 5 kati yao walitoka Kakuma.

Mbio za mita 800 alimaliza kwa dakika 2:16.64, akatolewa raundi ya kwanza. Si ajabu: alishindana na watu waliolelewa na makocha tangu utotoni. Hakukata tamaa, na mwaka 2021 alikimbia tena Olimpiki ya Tokyo.

Miguu alikuwa nayo siku zote. Kocha na viatu ndivyo vilivyochelewa.

Huku kwetu Pwani, kijana akifika miaka 20 bila timu, twamwambia wakati umempita. Kabla hatujamvunja moyo, tujiulize: nani aliwahi kumjaribu?