Fimbo za Gofu: Nunua Zinazokufaa

Jirani yangu hapa Gerezani alijinyima miezi minane akanunua seti ya fimbo za chuma za gofu, mitumba. Vichwa vyembamba, vinang'aa kama vya mabingwa. Sasa mipira inamwendea kombo na viganja vinamuuma.

Kosa lake ni letu sote: tunanunua fimbo za mchezaji tunayetamani kuwa, si za mchezaji tuliye.

Mchezaji wa kati, aliyevuka uanagenzi lakini hajawa bingwa, atafute kichwa chenye uwazi mgongoni. Uzito wake umesukumwa kandokando, hivyo mpira ukigongwa nje ya katikati bado huenda karibu na njia yake. Kichwa chembamba hakisamehe.

Pili, mpini. Wa chuma ni mzito. Wa nyuzi za kaboni ni mwepesi na hupunguza mtetemo viganjani.

Tatu, simama kama unayetaka kupiga. Ncha au kisigino cha kichwa kikiinuka sana, fimbo hailingani na kimo chako. Mafundi wa Gerezani wanaijua siri ya chuma: kilichofuliwa hukunjika kidogo kikarekebishwa, lakini kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu zaidi, chaweza kukatika.

Sheria ya gofu hairuhusu zaidi ya fimbo 14 mkobani. Afadhali saba zinazokufaa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kilijiuza kwa jirani yangu. Sasa yeye ndiye anayehangaika kukiuza.