MIGUU YENYE BARIDI YABISI: KUPASULIWA KUNAFAA NINI?

Miguu ndiyo mali ya kwanza ya mkulima. Mpini wa jembe ukivunjika hutiwa mwingine, lakini mtu asiyeweza kukanyaga chini hafiki shambani wala sokoni. Huko Kibarani, penye njia ya kutoka Kisiwa cha Mombasa kupita Makupa kwenda Changamwe, watu huamka alfajiri kufuata kazi na biashara zao. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mwaka 2022, na lile jaa la taka la zamani lilifungwa, pakapandwa miti. Lakini njia nzuri haimfai kitu mtu ambaye kila hatua kwake ni kama kukanyaga changarawe.

Hivyo ndivyo wagonjwa wengi wa baridi yabisi wanavyoeleza maumivu yao. Baadhi yao huambiwa na daktari kwamba mguu wapaswa kupasuliwa, nao huogopa, au hutumaini makuu kuliko yanayowezekana. Yafaa basi kujua kupasuliwa huku huleta nini, na hakuleti nini.

UGONJWA WENYEWE

Watu wa Pwani huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi. Hapa twazungumza juu ya aina moja tu, ambayo madaktari huiita rumatoidi. Hauletwi na upepo wa bahari, wala kulala sakafuni, wala kurogwa. Ulinzi wa mwili, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea ukashambulia utando ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, kisha hula mfupa na kulegeza kano. Huwapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume.

Ugonjwa huu haumchagui mtu. Dk. Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, aliyefanya kazi ya kwanza ya kupandikiza moyo wa mtu kwa mtu mwaka 1967, aliacha kupasua mwaka 1983 kwa sababu mikono yake ilikwisha kuharibiwa nao.

Dalili zake ni hizi: viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba pande zote mbili, asubuhi hukakamaa kwa muda wa saa nzima au zaidi, na mgonjwa huchoka bila ya kazi kubwa. Mara nyingi miguu huanza kuumwa mapema. Kidole gumba huinama kuelekea wenzake, vidole vidogo hujikunja juu kama makucha, na vichwa vya mifupa hushuka chini ya wayo. Hapo ngozi hufanya sugu nene, na pengine vidonda.

KAZI YA MPASUAJI

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1912 daktari Hoffmann wa Marekani alieleza jinsi ya kuondoa vichwa vya mifupa vinavyochoma wayo. Tangu hapo wapasuaji wameitengeneza kwa njia mbalimbali. Njia iliyotumika sana ni kuondoa vichwa vya mifupa minne ya vidole vidogo, na kuunganisha kiungo cha kidole gumba kwa skrubu au bamba la chuma, kiwe mfupa mmoja usiopinda. Vidole vidogo hushikwa na pini kwa wiki kadhaa mpaka vitulie.

Siku hizi, kama viungo havijaharibika sana, wapasuaji wengine hukata mfupa na kuusogeza mahali pake, ili kiungo chenyewe kibaki. Daktari huchagua baada ya kutazama eksirei na hali ya mgonjwa.

MATOKEO YAKE

Faida kubwa ni kupungua kwa maumivu. Wagonjwa waliofuatwa na madaktari baada ya miaka michache, kwa kawaida wanne katika kila watano au zaidi, husema wameridhika. Sugu hupungua, vidonda hupona, na mtu huweza kuvaa kiatu ambacho zamani hakikuingia. Kiungo cha kidole gumba nacho aghalabu hushikana vizuri.

Lakini mguu hauwi kama ulivyokuwa ujanani. Vidole huwa vifupi kidogo, na pengine vyalegea visiguse chini. Nguvu ya kusukuma mwili mbele hupungua, hivyo mtu hutembea bila maumivu lakini si kwa mbio. Kadiri miaka inavyopita, wengine huota sugu tena, kwani ugonjwa wenyewe ungalimo mwilini. Wachache hupata kidonda kinachokawia kupona, au usaha, au mfupa usioshikana, wakapasuliwa mara ya pili.

KABLA YA KUKUBALI KISU

Mweleze daktari maisha yako yalivyo. Hili ni jambo kubwa, nalo husahauliwa mara nyingi. Kidole gumba kilichounganishwa hakikunjiki tena. Mama anayechutama mbele ya jiko, au anayepalilia kwa kuchutama, ataona tofauti. Mwislamu anayekunja vidole katika sijida na kikao ataona pia. Asiyeweza kukaa hivyo kwa ugonjwa ameruhusiwa kuswali juu ya kiti, lakini ni vyema ajue mapema, si baada ya kurudi nyumbani. Huenda daktari akabadili njia, au mgonjwa akapima kwamba kutembea bila maumivu kwamfaa zaidi.

Kadhalika mwambie mambo haya:

1. Dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Vidonge vya methotreksati kwa kawaida haviachwi kwa ajili ya kupasuliwa, lakini baadhi ya sindano mpya za ugonjwa huu husimamishwa kwa muda. Dawa za steroidi zisikatwe ghafula. Usiamue peke yako.

2. Kama shingo inauma. Ugonjwa huu huweza kulegeza mifupa ya shingo, na mtoa nusukaputi lazima ajue kabla hajakulaza.

3. Kama una kisukari, au unavuta sigara. Tumbaku huchelewesha kupona kwa kidonda na kushikana kwa mfupa. Iache wiki kadhaa kabla.

BAADA YA KUTOKA HOSPITALI

Hapa ndipo kazi nzuri ya mpasuaji huharibika. Kwa wiki sita hivi mgonjwa hutembea kwa kisigino, akiwa na kiatu maalumu na mkongojo. Siku za kwanza mguu uinuliwe juu ya mto ili uvimbe ushuke. Kidonda kikae kikavu kabisa: hakuna kukanyaga tope wala maji ya mvua yaliyotuama, wala kwenda pekupeku. Pini zisishikwe na mtu asiyehusika. Mguu ukiwa mwekundu, ukitoa usaha, au mtu akishikwa na homa, arudi hospitali siku ile ile.

Kiatu cha kawaida huvaliwa baada ya miezi miwili au mitatu. Uvimbe huweza kuendelea mpaka mwezi wa sita, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka. Basi panga majira. Asipasuliwe mtu wakati mvua za masika zikikaribia kama hana wa kumlimia, na jamaa wakubaliane mapema nani atachota maji na nani atakwenda sokoni.

DAWA MAPEMA NI BORA KULIKO KISU

Katika nchi ambako wagonjwa hupata dawa mapema, haja ya kupasua miguu imepungua. Dawa ya methotreksati hutuliza ugonjwa wenyewe, hali vidonge vya maumivu huuficha tu huku mfupa ukiendelea kuliwa. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku. Kuimeza kila siku ni hatari ya kufa. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaka kushika mimba, asiitumie. Damu nayo lazima ipimwe mara kwa mara.

Kabla ya kisu yako pia mambo madogo yenye msaada: kiatu kipana chenye nafasi ya vidole, wayo laini ndani, na soli ngumu iliyopinda kidogo mbele. Fundi viatu hodari aweza kuvitengeneza akielezwa.

Mtu wa Kibarani aliyevimba viungo zaidi ya wiki sita aende zahanati ya karibu, aombe barua ya kupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara. Aulize huko huko bima ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, italipa gharama zipi. Wala asingoje vidole vipinde ndipo aende. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mguu hujengwa kwa mfupa wako mwenyewe.