Ukuta wa Pua Uliopinda na Vumbi la Kazini



Katika viwanda vya pamba na katani tunao wenzetu wasioisha mafua. Tundu moja la pua limeziba mwaka mzima, usiku wanakoroma, asubuhi wanatoka damu. Msimamizi husema ni wavivu wanaotafuta ruhusa. Sisi wa chama tunasema, kwanza tuijue pua.

Katikati ya pua pana ukuta unaotenga tundu la kulia na la kushoto. Mbele ni gegedu, nyuma ni mfupa. Watu wengi ukuta huo umepinda kidogo wala hauwasumbui. Wengine wamezaliwa nao hivyo, wengine ulipinda walipokuwa wakikua, na wengine waligongwa na kitu, hata kazini.

Ndani ya pua pamefunikwa na ngozi laini yenye ute. Ngozi hiyo huipasha hewa joto, huitia unyevu na kunasa vumbi. Vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kuelekea kooni. Ukuta ukipinda sana, hewa haipiti sawasawa. Mahali palipobana hupita kwa kasi na kuipiga ngozi pale pale kila siku. Ngozi hukauka, hufanya magamba, hupasuka na kutoa damu. Vinyweleo navyo haviwezi kazi penye ukavu. Katika tundu lililo pana, nyama laini za ubavuni huvimba na kujaza nafasi. Ndiyo maana mtu huona amebanwa pande zote mbili.

Vumbi haliupindi ukuta, lakini huikuta ngozi imekwisha kuchoka. Tena aliyeziba pua hupumua kwa mdomo, usio na chujio kama la pua, na vumbi humwingia kifuani. Kifuniko cha kuzuia vumbi anakivua kwa kuwa hapati hewa. Asilaumiwe, apelekwe kwa daktari.

Matone ya kuzibua pua yasitumiwe zaidi ya siku chache, maana uvimbe hurudi kwa nguvu. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa husaidia. Damu ikitoka, keti, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Kuunyosha ukuta ni kwa upasuaji tu, na si kila mtu anauhitaji.

Ukigongwa puani kazini, pua ikavimba ndani na kuziba, nenda hospitali siku ile ile. Damu ikijikusanya ukutani, gegedu huweza kufa kwa siku chache. Kabla ya kuondoka, wenzako wahakikishe ajali imeandikwa katika daftari. Lisiloandikwa leo, kesho mwajiri atalikana.

Madai yetu ni haya: vumbi lipunguzwe kwenye mashine, vifuniko vitolewe, na mgonjwa apewe ruhusa ya kutibiwa bila kukatwa mshahara. Mfanyakazi hana pua ya akiba.