Magoti ya Wazee Wetu wa Vita ya Kagera

Wako wengi kati yetu ambao waume zao au baba zao walikwenda vita ya Kagera. Majeshi ya Iddi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sehemu kubwa ya safari ile vijana wetu waliikata kwa miguu, mizigo mgongoni. Waliobaki hai sasa ni wazee wa miaka 65 na zaidi. Tunapowatembelea hapa Bonga, sisi tunaojitolea kanisani, wanalolalamikia si risasi. Ni magoti.

Watu husema goti “limesagika”, na neno hilo si baya. Penye kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini linalozuia mifupa kusuguana. Gegedu likilika, goti huuma, hukakamaa asubuhi na kuvimba. Kuumia zamani, kubeba mizigo mizito na unene huongeza hatari, ndiyo maana askari wa zamani hupatwa zaidi kuliko wanaume wengine. (Wake zao waliobeba maji na kuni nao wana magoti yao. Hilo lina siku yake.)

Mzee akiumwa hukaa, nasi kwa huruma tunamwacha akae. Hapo ndipo tunapomponza. Misuli ya paja ndiyo inayolishika goti, na isipotumika hulegea, goti likazidi kuelemewa. Kisha hununuliwa diklofenaki dukani wiki baada ya wiki, dawa ambayo ikitumika muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu.

Mazoezi ni tiba, ila yapimwe kwa mtu mwenyewe. Askari hujua mchakamchaka. Ukimwambia afanye mazoezi atataka kukimbia, au akatae kabisa. Mmoja ni mnene, ana shinikizo la damu, lakini goti lake hukunjika vizuri. Huyo anafaa kutembea tambarare, dakika 10 kwanza, na kupunguza ugali. Kila kilo moja anayopungua humwondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mwingine ni mwembamba, ana kovu la jeraha na paja lililonyauka. Kumwambia huyu apungue ni kumdhuru. Yeye huketi kwenye kiti, hunyoosha mguu polepole, huhesabu hadi tano, kisha hushusha. Mara tano zinatosha kwa kuanzia. Akizoea, huinuka kitini na kuketi bila kushika meza.

Kwa hiyo kwanza apimwe hospitali, na mtaalamu wa mazoezi ya tiba ampangie yake. Asichukue ya jirani. Kipimo cha nyumbani ni asubuhi ya pili: maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno, lakini goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi. Goti likiwa la moto na jekundu, au mzee akiwa na homa, au akishindwa kabisa kukanyaga, acheni mazoezi mwende hospitali siku hiyohiyo.

Mama, usimsimamie kama mtoto. Tumeona wazee wakikasirika kwa kuamriwa na wake zao. Mpe daftari aandike mwenyewe idadi ya kila siku. Aliyezoea kwata hupenda kuona hesabu ikipanda. Faida huonekana baada ya wiki kadhaa, wala si siku tatu.

Fimbo aishike mkono ulio upande wa goti zima. Wengi huishika upande unaouma. Na choo cha shimo ndicho adui mkubwa kuliko kilima chochote cha Bonga: mwambie fundi seremala akutengenezee kiti chenye tundu katikati, chenye mikono ya kushikia. Goti lililoharibika mno hubadilishwa kwa upasuaji, kama unaofanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na hata huko mazoezi hurudi palepale baada ya kisu.