Morisi: akina mama wasafishaji walioacha kula ili walipwe mshahara

Mwezi wa Oktoba 2017, akina mama wanaosafisha shule za serikali katika kisiwa cha Morisi waliketi ndani ya bustani ya Jardin de la Compagnie, katikati ya mji mkuu Port-Louis, wakakataa kula. Walikuwa wakilipwa rupia 1.500 kwa mwezi. Kwa inchi inayosifiwa kila mwaka kuwa mfano wa uchumi bora Afrika, hesabu hiyo ilikuwa aibu.

Kilichowaumiza zaidi ni kukosa tajiri wa kumlalamikia. Shule ni za serikali, lakini aliyewaajiri kwa karatasi ni kamati ya wazazi. Kila mmoja alimtupia mwenzake mzigo. Sendika yao, CTSP, iliamua kuwatoa barabarani ili watu wawaone. Serikali ilikubali mwishowe kuwapandisha hadi mshahara wa chini wa taifa, ulioanza Januari 2018: rupia 9.000 pamoja na nyongeza ya serikali. Yaani mara 6 ya walichokuwa wakipata.

Morisi, mwenzetu katika SADC, ina watu kama milioni 1,3 tu. Katika eneo dogo hivyo, mashamba makubwa ya miwa yalikuwa mikononi mwa familia chache, na mfanyakazi aliyefukuzwa huku alijulikana kule. Ndiyo maana mgomo pale haukuwa jambo jepesi. Tarehe 27 Septemba 1943, huko Belle Vue Harel, polisi waliwafyatulia risasi vibarua wa miwa. Watu 4 walikufa, mmoja wao akiwa Anjalay Coopen, mama mjamzito. Leo uwanja wa mpira wa Belle Vue una jina lake.

Uhuru wa 1968 haukumaliza mambo. Mwaka 1971 wafanyakazi wa bandari waligoma; serikali ikatangaza hali ya dharura na viongozi wakafungwa, akiwemo Paul Bérenger, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Sheria ya 1973 iliacha haki ya kugoma kwenye karatasi, lakini ikaweka vizuizi vingi hadi karibu kila mgomo ukawa kinyume cha sheria. Hata hivyo, Agosti 1979 wafanyakazi wa miwa na wa bandari waligoma tena. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30 kabla ya kubadilishwa.

Leo kidonda kiko kwingine. Viwanda vya nguo vilivyozaliwa na sheria ya 1970 ya maeneo ya biashara ya nje vinategemea sana wageni kutoka Bangladesh, Madagaska na India. Mgeni hulala kwenye nyumba ya tajiri, na kibali chake cha kazi kimefungwa kwa tajiri huyohuyo. Akigombana naye, anapoteza kazi, kitanda na haki ya kubaki kisiwani kwa siku moja. Wengi wameingia na deni la wakala aliyewaleta. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajiunge na sendika ni rahisi kwa mdomo.

Mshahara wa chini umeendelea kupanda: Januari 2024 ulifika rupia 16.500. Mgeni wa kiwandani naye anastahili mshahara huo wa chini, lakini chakula na malazi anavyopewa huingizwa kwenye mazungumzo ya malipo, na hapo ndipo sendika na matajiri wanavutana mpaka sasa.