Unalala kwenye lori, benki inataka anwani: uandike nini?

Madereva wengi wa masafa marefu kutoka Sirisia, Malakisi na Lwakhakha hulala nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Siku zilizobaki kitanda chao kiko nyuma ya kiti cha dereva: leo Mariakani, kesho Mlolongo, keshokutwa Salgaa, halafu foleni ya Malaba. Kutoka Mombasa hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 900. Na si madereva wa trela peke yao. Kuna waendeshaji wa kombaini wanaofuata mavuno ya ngano kutoka Narok hadi Uasin Gishu. Kuna wachuuzi wa mitumba ambao pikapu ndiyo stoo na ndiyo chumba cha kulala, wakizunguka masoko ya Chwele, Kimilili na Kitale.

Kwa maisha kama haya, pesa kwa simu inatosha mambo mengi. Mshahara unaingia, karo inatumwa, mafuta yanalipwa. Lakini simu ina kikomo. Kwa M-Pesa, kwa mfano, tangu Agosti 2023 huwezi kuwa na zaidi ya Sh500,000 kwenye akaunti, wala kutuma zaidi ya Sh250,000 kwa mara moja. Ukitaka kununua shamba, kuchukua mkopo wa lori lako mwenyewe au kuweka akiba ya muda mrefu, utafika benki. Hapo ndipo fomu inauliza: makazi yako ni wapi? Dereva anajibu, "Madam, mimi nalala kwa gari," na karani naye hajui ajaze nini.

Jibu lipo, na huhitaji kudanganya ili ulipate.

Kwa nini benki inauliza

Sababu ya kwanza ni sheria. Kenya ina sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha, na inaitaka benki imjue mteja wake vizuri. Februari 2024, shirika la kimataifa la FATF liliiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu katika jambo hili. Kwa hivyo karani akikaza, usidhani anakuonea. Anafanya kazi yake.

Sababu ya pili inakuhusu wewe na familia yako. Kuna sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali ya kifedha isiyodaiwa. Akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa wala kuwasiliana na benki, pesa hizo hupelekwa kwa mamlaka ya mali isiyodaiwa, UFAA. Zinaweza kudaiwa, lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba zipo. Sasa fikiria dereva aliyeandika chumba alichopanga miezi mitatu huko Mlolongo, kisha akapata ajali barabarani. Mke wake yuko Namwela na hajawahi kusikia habari za akaunti hiyo. Barua ya benki inafika kwenye ploti ambapo hakuna anayemkumbuka.

Tofautisha mambo matatu

Watu wengi hukwama kwa sababu wanachanganya mahali unapolala, mahali barua zako zinafika, na mahali unapoweza kupatikana. Mwenye nyumba mjini, yote matatu ni pamoja. Kwako wewe ni mbalimbali, na hakuna ubaya.

Swali hili linasumbua hata nchi zilizoendelea. Marekani, ambako watu wengi wanaishi kwenye magari kwa kupenda au kwa shida, kanuni ya benki inaruhusu mtu asiye na makazi wala ofisi atoe anwani ya ndugu wa karibu au ya mtu mwingine anayeweza kumfikia. Wanachotaka ni uzi ambao ukiufuata, utampata mwenye akaunti. Kwa mtu wa Sirisia, uzi huo kwa kawaida uko nyumbani.

Jaza hivi

*Makazi ya kudumu.* Andika boma lenu: kijiji, kata ndogo, kata, wadi na kaunti. Nyumba za mashambani hazina namba, kwa hivyo ongeza alama: shule, kanisa, msikiti au soko lililo karibu. Ukiwa na kitambulisho cha kizazi cha pili, tazama upande wa nyuma, kata yako na kata ndogo zimeandikwa pale. Hakikisha zinalingana na unachojaza.

*Makazi ya sasa.* Sema ukweli: wewe ni dereva na kazi yako ni ya barabarani. Toa anwani ya ofisi au yadi ya mwajiri wako, na umwombe barua inayosema tangu lini unamfanyia kazi. Kama umejiajiri, leta kibali cha biashara cha kaunti ikiwa unacho.

*Uthibitisho.* Kwa kawaida benki huomba bili ya stima au ya maji. Kama huna, uliza kama watakubali barua ya chifu au ya naibu wake. Uliza kwa simu kabla hujaifuata, kwa sababu safari ya kutoka Mombasa hadi Sirisia kwa karatasi ambayo itakataliwa ni hasara. Barua hiyo itaje jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho na kata ndogo.

*Cheti cha PIN ya KRA.* Hiki utaombwa. Kina anwani yako ndani. Wengi walijaziwa na saiba wakati wa kutafuta kazi, na hawajui kimeandikwa nini. Kisome, na ukikuta makosa, rekebisha kupitia iTax kabla ya kwenda benki.

*Anwani ya posta.* S.L.P. si makazi, lakini inahitajika kwa barua. Kama huna sanduku, Posta ina huduma ya Mpost, inayofanya namba yako ya simu kuwa anwani. Barua ikifika kwenye posta uliyochagua, unapata ujumbe.

Mitego ya kuepuka

Usikope bili ya stima ya rafiki, na usikubali mtu wa saiba akutengenezee yenye jina lako. Hiyo ni hati ya uongo. Ikigunduliwa, akaunti inaweza kusimamishwa pesa zikiwa ndani, na wewe ujikute na kesi.

Usitumie S.L.P. ya shule uliyosoma au ya mwajiri uliyeachana naye. Barua zako zitafunguliwa na wengine.

Tena, usichanganye PIN mbili. PIN ya KRA ni namba ya ushuru, na benki ina haki ya kuiomba. PIN ya siri ya simu yako hakuna mwenye haki nayo. Mtu akikupigia akisema "tunasasisha anwani yako, tutumie PIN," kata simu. Benki haiombi PIN hiyo, na sisi pia hatuiombi.

Ukibadilisha kazi au namba

Anwani si kitu cha kuandika mara moja ukasahau. Ukihama kampuni, iambie benki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zenye makosa zirekebishwe, iwe ni benki, kampuni ya simu au sisi.

Linda namba yako vilevile, kwa kuwa kwa mtu wa barabarani ndiyo anwani anayotembea nayo. Iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha shemeji. Itumie mara kwa mara hata ukikaa Uganda wiki kadhaa na laini ya huko, maana laini iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine.

Mwisho, jaza jina la mtu wako wa karibu na namba yake inayopatikana, kisha umwambie huyo mtu akaunti iko benki gani na tawi lipi. Huna haja ya kumwambia salio. Mwambie tu ipo. Hiyo simu moja unaweza kuipiga leo, ukiwa umeegesha hapo Salgaa ukingoja chai.